Kobe Mgeni: Jinsi ya Kumtuliza Hata Ale

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za mnyama mmoja mpole, ambaye watoto wengi humpenda lakini wachache wajua kumtunza. Mnyama huyu ni kobe. Sisemi habari za kasa wa baharini, bali kobe wa nchi kavu, yule aendaye polepole na nyumba yake mgongoni.

Mimi ni mwalimu wa chuo cha ualimu katika wilaya ya Kilosa, upande wa Chanzuru, ambako mashamba ya mkonge na mahindi yapakana na mbuga ya Mkata. Huku kwetu kobe si mnyama wa ajabu. Mvua za kwanza zikinyesha huonekana njiani, na katika matuta ya mashamba, na katikati ya safu za mkonge. Kwa hiyo haupiti mwaka bila mtu kuja kuniuliza swali lile lile: "Mwalimu, tunaye kobe, lakini hataki kula. Tufanyeje?" Kabla sijalijibu, hapana budi nikiri kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha.

Mwaka mmoja, mwishoni mwa kipupwe, wanafunzi wangu waliniletea kobe mkubwa waliyemwokota njiani. Tulifurahi sana. Tukamtia katika sanduku la mbao, tukaliweka ndani ya darasa lenye kivuli, tukidhani tunamhifadhi na jua. Tukampa ugali, na mkate uliolowekwa katika maziwa, na maharage yaliyopikwa. Hakula. Tukamwinua na kumgeuza chali, tupate kujua kama ni dume au jike. Akatoa maji mengi, nasi tukacheka. Kila jioni watoto walikuja kumtazama, na kila mmoja alitaka kumshika. Siku ya tatu tulijaribu hata kumfumbua kinywa kwa kijiti. Alivuta kichwa chake ndani, wala hakukitoa tena tukiwapo.

Asubuhi ya siku ya ishirini na moja tulimkuta amekufa. Baadhi ya wanafunzi walisema amekufa kwa njaa, wengine walisema amesusa kwa ukaidi. Baadaye, nilipokwisha kujifunza zaidi, nilitambua kwamba ukaidi haukuwapo, na njaa ilikuja mwisho kabisa. Yaliyomwua kobe yule ni hofu, na baridi, na kiu. Na mambo hayo matatu yalitoka katika mikono yetu sisi tuliompenda. Ndiyo maana naomba mnisikilize kwa makini.

Lakini kwanza kuna jambo la haki. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyama wa porini si mali ya yule aliyemwona kwanza. Hairuhusiwi kumkamata wala kumfuga bila kibali. Sisi tuliomwokota kobe wetu njiani tulikosa hapo pia. Kobe mzima anayekwenda njia yake mwacheni aende. Na kama yuko katikati ya barabara, mvusheni upande ule aliokuwa akielekea, nanyi mwondoke. Kama ameumia, au mtu amemleta kwako, mpelekee habari afisa wa wanyamapori wa wilaya, yule ambaye wazee wetu walimwita bwana nyama, naye atakuambia la kufanya. Zaidi ya hayo, yuko kobe bapa akaaye katika nyufa za miamba ya nchi yetu na ya Kenya, ambaye wengine humwita kobe chapati. Huyo amekamatwa na kuuzwa ng'ambo hata akawa adimu sana, na tangu mwaka 2019 mapatano ya mataifa yamemweka katika daraja la wanyama walindwao kuliko wote katika biashara. Huyo asiguswe kabisa. Maneno yangu ya leo, basi, ni kwa yule aliyekabidhiwa kobe kwa njia ya halali.

Sasa tulitazame swali lenyewe. Kwa nini kobe mgeni hakatai kitu kingine ila chakula?

Sababu ya kwanza ni hofu. Kobe hana mbio za kumponya, wala meno ya kumtetea. Silaha yake ni moja tu, nayo ni kujificha ndani ya gamba na kungoja adui achoke. Sisi tunapomzunguka, na kumgonga mgongoni, na kumbeba huku na huku, yeye hajui kwamba tunacheza. Ajualo ni kwamba ameshikwa na mnyama mkubwa. Na kiumbe aliyeshikwa na adui hali. Wazee wetu husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo ni njema kwa watu, lakini kwa kobe haifai. Kobe ni mgeni hata juma la pili, na pengine hata la nne, na jembe lake ni kula. Usimpe jembe hilo kabla hajatulia.

Sababu ya pili ni baridi. Mwili wa mtu hujitengenezea joto lake wenyewe. Mwili wa kobe hauwezi. Hupata joto kwa kuota jua, akaliepuka kwa kuingia kivulini. Tumbo lake tulifananishe na chungu: majani ni mboga, vijidudu wengi waliomo matumboni ndio wapishi, na jua ndilo moto. Moto ukizimika, mboga haiivi. Kobe wengi wa nchi hii hula vizuri mwili unapopata joto la digrii 25 hadi 32 hivi. Akiwekwa katika sanduku ndani ya chumba cha sakafu ya saruji, hasa katika miezi ya Juni na Julai ambapo usiku wa Kilosa una ubaridi, hatakula hata ukimwekea chakula akipendacho kuliko vyote. Nayo ni akili yake njema, maana chakula kisichosagika huoza tumboni.

Wala jambo hili si la Kilosa peke yake. Huko Uingereza katika karne ya kumi na nane aliishi kasisi mmoja, jina lake Gilbert White, aliyependa sana kuchungua wanyama na ndege. Shangazi yake alikuwa na kobe aliyeitwa Timothy, aliyekaa katika ua wake kwa miaka mingi. Mwaka 1780, baada ya shangazi kufariki, White alimchimbua kobe huyo mahali alipokuwa amejizika kwa ajili ya baridi, akamtia katika sanduku lenye udongo, akamsafirisha kwa gari la farasi mwendo wa maili 80 mpaka kijiji chake cha Selborne. Mtikiso wa safari ulimwamsha. Alipoachiliwa bustanini alitembea mara mbili hata mwisho wake. Lakini jioni ilipoingia na baridi, akajizika tena katika udongo laini, asionekane. White hakumfukua kumlazimisha kula. Alimwacha, akaandika aliyoyaona, na kobe akaendelea kuishi huko kwa miaka mingi. Tena, jina hilo Timothy ni la kiume, kumbe baada ya kufa ikajulikana alikuwa jike.

Sababu ya tatu ni kiu, nayo ndiyo isiyofikiriwa na watu. Kobe huweka akiba ya maji katika kibofu chake, na wakati wa kiangazi akiba hiyo ndiyo uhai wake. Akiinuliwa ghafula, huimwaga kwa hofu. Yale maji tuliyoyacheka darasani yalikuwa akiba yake ya kumfikisha kwenye mvua. Kobe mwenye kiu hana hamu ya chakula, kama vile mtu mwenye homa asivyotamani wali. Kwa hiyo, kabla ya kufikiri habari za majani, fikirini habari za maji.

Basi, kobe afikapo, fanyeni hivi. Mpatieni ua wa nje, mpana kadiri muwezavyo. Ukuta wake uwe wa matofali au mbao zilizoshikana, kimo cha nusu meta, na chini uingie ardhini kiasi cha shibiri moja, kwa sababu kobe wengine huchimba. Msitumie waya peke yake. Kobe akiona nje kupitia waya hudhani njia iko wazi. Atasukuma na kuzunguka kutwa nzima, wala hatakumbuka kula. Sehemu moja ya ua ipate jua la asubuhi, na nyingine iwe na kivuli cha mti siku nzima. Mtengenezeeni kibanda cha chini chenye nyasi kavu, giza ndani, mlango ukimtosha yeye tu. Kibanda hicho ni cha lazima. Mtu aweza kudhani kwamba kobe akiwa na pa kujificha hatatoka. Kumbe ni kinyume. Ajuaye kwamba ana pa kukimbilia ndiye athubutuye kutoka.

Siku ile ile ya kwanza, kabla hamjamwacha, mwekeni katika karai la maji ya uvuguvugu, yasipite kidevu chake, kwa muda wa robo saa. Aghalabu atainamisha kichwa na kunywa. Kisha mpelekeni katika ua wake, mkampe chombo cha maji kipana chenye kina kidogo, kilichozikwa usawa wa ardhi, apate kuingia na kutoka bila kupinduka. Baada ya hapo mwondokeni. Mtu mmoja tu awe mtunzaji wake. Aje asubuhi, aweke chakula na maji, aende zake. Asimshike, wala asikae karibu kumtazama.

Chakula chake nacho hufuata namna yake. Yuko kobe mkubwa mwenye madoa kama ya chui, anayejulikana sana katika mbuga zetu. Huyu ni mla nyasi. Mpe ukoka mbichi, na mchunga, na majani ya kunde na ya viazi vitamu, na vipande vya mpungate uliokwisha kuondolewa miiba. Yuko na kobe mdogo ambaye gamba lake lina kama bawaba upande wa nyuma, naye huweza kulifunga kama mlango. Huyu hupenda kivuli na unyevu kuliko jua kali. Na mbali ya majani, hula uyoga, na matunda yaliyoanguka, na konokono, na jongoo. Watu wengi humpa huyu wa pili nyasi kavu juani, na huyo wa kwanza matunda matupu kivulini, kisha husema kobe ni wagumu kufuga.

Kwa kobe mgeni aliye mzito kuanza, rangi nyekundu na harufu nzuri humvuta. Kipande kidogo cha nyanya iliyoiva, au cha embe, kikichanganywa na majani, chaweza kumfungua hamu. Lakini hiyo ni chambo tu, si chakula. Kwa mla nyasi, matunda mengi huharibu tumbo. Wekeni chakula mapema asubuhi, jua likiisha kumpasha joto, juu ya jiwe bapa karibu na kibanda. Kisichokuwa kimeliwa jioni kiondoeni. Ugali, mkate, maziwa, nyama, na mabaki ya mezani visimkaribie. Kaka za mayai zilizopondwa, au mfupa mkavu, vyafaa kuwekwa uani, maana hata porini kobe hutafuna mifupa ili gamba lake lipate nguvu.

Sasa lile lililo gumu kuliko yote, nalo ni kungoja. Kobe mzima mwenye afya aweza kukaa majuma kadhaa bila kula, asidhurike, maadamu ana maji na joto. Kwa hiyo msihesabu siku, hesabuni uzito. Mpimeni katika mizani siku afikapo, na tena mara moja kila juma, mkaandike katika daftari. Uzito ukikaa vile vile, tulieni. Ukipungua hata sehemu moja ya kumi, au mkimwona ana mapovu puani, au macho yamevimba, au anapumua kinywa wazi, msingoje tena. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo. Kobe mchanga hana akiba kubwa. Kwake siku chache tu ni nyingi.

Na hapa nataka kuwaonya ndugu zetu wafugaji. Iko dawa iitwayo ivamektini, ambayo ng'ombe na mbuzi huchomwa sindano yake kwa ajili ya minyoo na wadudu wa mwilini. Kwa ng'ombe ni dawa njema. Kwa kobe ni sumu ya kuua. Wala msimwogeshe kwa dawa ya kupe ya josho. Kupe waondolewe mmoja mmoja kwa kibano. Tena, gamba si kofia ambayo kobe ameivaa. Ni mfupa ulio hai, na wenye fahamu. Anayelitoboa ili kumfunga kamba amemtoboa kobe mwenyewe, na anayelipaka rangi amemharibia ngozi. Jilindeni na siafu pia, hasa wakati wa mvua, kwa sababu kobe aliyefungiwa ndani ya ua hana pa kuwakimbilia. Na kila mtu aliyemshika anawe mikono kwa sabuni, maana kobe huweza kubeba vijidudu vya kuhara bila yeye mwenyewe kuugua.

Pengine mtaniuliza, je, kobe aliyehamishwa huzoea kweli? Ndiyo, akipewa nafasi. Tazameni kisiwa cha Changuu, karibu na mji wa Unguja. Mwaka 1919 waliletwa huko kobe wanne wakubwa kutoka visiwa vya Shelisheli, zawadi ya gavana wa huko. Hawakufungiwa katika sanduku. Walipewa kisiwa, wenye majani, kivuli na jua. Wakazaa, wakafika mamia. Kilichowapunguza baadaye hakikuwa ugeni wala kukataa kula. Walikuwa ni wezi, waliowachukua kwenda kuwauza, hata mwaka 1996 wakabaki saba tu. Ulinzi ulipotiwa nguvu, na watoto wao walipotengewa ua, waliongezeka tena, na hadi leo wageni huwaona wakila majani chini ya miti. Kobe alijua kukaa. Mkono wa mtu ndio haukujua kuacha.

Nami nitamaliza kwa habari za kobe wangu wa pili. Miaka miwili baada ya kosa lile, wakati wa mvua za vuli, afisa wa wanyamapori alituletea kobe wa madoa, ambaye ukingo wa gamba lake ulikuwa umepasuka kwa kukanyagwa na gurudumu. Daktari wa mifugo alikwisha kumsafisha na kumfunga. Tulipewa kibali cha kumtunza mpaka apone. Wanafunzi walijenga ua chini ya mwembe, nusu jua na nusu kivuli, wakamchagua mmoja wao awe mtunzaji. Wengine walikatazwa kukaribia. Walimtazama kutoka dirishani.

Siku nne hakutoka kibandani. Siku ya tano alionekana akinywa. Siku ya tisa aliinusa nyanya, akaiacha. Wanafunzi walianza kunung'unika, na mmoja akasema, "Mwalimu, huyu naye atakufa kama yule." Nami, nasema kweli, niliogopa; usiku ule nilitamani kwenda kumwinua nimtazame. Lakini mizani ilisema uzito wake ni ule ule, basi nikajizuia. Asubuhi ya siku ya kumi na mbili yule mtunzaji alikuja mbio mpaka mlangoni kwangu, miguu mitupu, akisema, "Mwalimu, amekula! Amekula ukoka wote!" Wala hakuna mtu aliyemlisha, alikula kwa hiari yake, alipoona kwamba hapo hapana adui.

Alikaa nasi mwaka mzima, hata ufa ukafungika. Vuli iliyofuata, nyasi zilipochipuka, afisa alikuja tukaenda pamoja kumrudisha Mkata, karibu na mahali alipookotwa. Tulimweka chini, tukarudi nyuma hatua ishirini. Akatoa kichwa, akatazama, akauma jani moja la ukoka, kisha akaenda zake. Hakugeuka nyuma. Wanafunzi walihuzunika kidogo, lakini mimi nilifurahi.

Basi, wasikilizaji wangu, kama mnaye kobe asiyekula, msianze na chakula. Mpeni maji, mpeni joto, mpeni pa kujificha, kisha mwondokeeni. Subira yenu ndiyo tonge lake la kwanza. Kwaherini.